Sigara na Mwili Wako (3): Pua na Ulimi wa Mvutaji

Katika makala mbili zilizotangulia tuliufuata moshi wa sigara hadi mapafuni na kwenye moyo. Leo tunarudi pale unapopita kwanza, kinywani na puani. Madhara ya huku hutajwa kwa kupita tu, kwa sababu si hayo yanayompeleka mtu kaburini. Mimi naona yanastahili makala nzima: yanamgusa mvutaji kila anapoketi kula, na mara nyingi mwenyewe hana habari.

Kwanza tuelewane kuhusu ladha. Ulimi peke yake hutambua mambo matano tu: utamu, chumvi, uchachu, uchungu, na ule ukolezo wa mchuzi wa nyama ambao wataalamu huuita umami, kwa jina la Kijapani. Iliki ya pilau na mdalasini wa chai ni kazi ya pua. Unapotafuna, harufu ya chakula hupanda kwa nyuma ya koo hadi juu puani. Jaribu mwenyewe, msomaji: bana pua, tia mdomoni peremende ya machungwa. Utahisi sukari na uchachu basi. Achia pua, na chungwa litajitokeza papo hapo.

Huko juu puani, karibu na ubongo, kila upande una utando mdogo mithili ya stempu ya barua. Humo mna mamilioni ya seli za neva zenye vipokezi vya harufu vya aina zipatazo 400. Linda Buck na Richard Axel wa Marekani, waliochapisha ugunduzi wa jeni za vipokezi hivyo mwaka 1991, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004. Neva nyingine za mwili zimefunikwa na kulindwa. Hizi zinapigwa moja kwa moja na hewa tunayovuta. Ndiyo maana Mwenyezi Mungu amezijalia uwezo ambao neva nyingi hazina: zikifa, nyingine huzaliwa kushika nafasi zake.

Sigara huvuruga mpango huo. Moshi wake una kemikali zaidi ya 7,000, zikiwemo formaldehaidi, akrolini na amonia, ambazo huwasha na kudhuru utando. Seli hufa kwa kasi zaidi kuliko zinavyozaliwa. Ulimi nao hausalimiki. Watafiti wa Ugiriki waliowapima askari vijana walieleza mwaka 2009 kwamba vinundu vya ulimi wa wavutaji vilikuwa bapa, na mishipa yake ya damu ilikuwa haba. Hao walikuwa vijana, si wazee waliovuta miaka arobaini.

Kuhusu pua, utafiti ninaouthamini zaidi ulichapishwa mwaka 1990 na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania. Waliwapima watu 638 kwa harufu 40. Wavutaji walikuwa na uwezekano wa karibu mara mbili wa kuwa na upungufu wa kunusa kuliko wasiowahi kuvuta, na kadiri mtu alivyovuta zaidi ndivyo pua yake ilivyodhoofika.

Upungufu huu huja polepole mno, hivyo mvutaji humlaumu mpishi. Huongeza chumvi, huongeza pilipili, na anayekula naye hushindwa kumeza. Lakini si suala la starehe ya mezani tu. Gesi ya kupikia kwa asili haina harufu. Ule uvundo tunaoujua hutiwa makusudi ili utuonye mtungi unapovuja. Pua iliyodhoofika huchelewa kulipata onyo hilo, kama inavyochelewa kugundua maziwa yaliyoharibika au kitu kinachoungua jikoni.

Utafiti huo wa 1990 ulionyesha pia kuwa walioacha sigara hurejewa na uwezo wa kunusa, ila kwa waliovuta sana hilo huweza kuchukua miaka. Kwa hiyo usiseme umechelewa, na usikate tamaa pilau isipokunukia baada ya mwezi mmoja. Ila kama harufu imepotea ghafla, au upande mmoja wa pua umeziba na kutoa damu, usiisingizie sigara ukabaki nyumbani. Nenda kamwone daktari wa pua, koo na masikio.

Wiki ijayo: sigara, fizi na meno.