Mlinzi wa shule naye asubiri kibali cha Dodoma?

Buguruni, Dar es Salaam, shule zimebanana na soko, gereji na Barabara ya Mandela. Alfajiri, kengele haijagongwa, mlinzi wa usiku bado yuko getini akizuia bodaboda zisikatize uwanjani. Nyuma ya madarasa mpishi anakoroga uji kwa mwiko mrefu, moshi unamtoa machozi. Wengi wa watu hawa katika shule zetu za umma hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Wanalipwa kwa michango ya wazazi. Michango ikisuasua, wanakopa unga dukani.

Kuwaajiri rasmi ni safari. Nafasi haitangazwi mpaka kibali kitoke Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, kisha yaje maombi, usaili na uhakiki wa vyeti. Cheti chenyewe ni cha kidato cha nne, kiwango kilichowekwa 20 Mei 2004. Mwaka 2017 walinzi, madereva na wahudumu walioishia darasa la saba waliondolewa kazini kwa sababu hiyo. Aprili 2018 serikali ikaagiza walioajiriwa kabla ya tarehe ile warudishwe. Kwa hiyo tumekwisha kuona jinsi kanuni hii inavyoweza kumwangukia mtu ambaye kazi yake haikuwa na doa.

Nasema kazi hizi zitolewe kwenye mlolongo huo. Kamati ya shule inamjua mama anayepika kwa usafi, inamjua kijana wa mtaa wa Mnyamani asiyelewa lindoni. Na Shule ya Viziwi Buguruni je? Matroni anayeamshwa usiku na mtoto mwenye homa anatakiwa ajue lugha ya alama kuliko kitu kingine chochote, na cheti cha kidato cha nne hakisemi lolote kuhusu hilo.

Lakini msamaha uishie kwenye namna ya kuajiri. Mkataba wa maandishi, kima cha chini cha mshahara na NSSF visiguswe, na fedha itoke halmashauri ya jiji. Ruzuku ya elimu bila malipo, iliyopangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, ina chaki, mitihani na ukarabati wa kubeba, mlinzi haimtoshi. Wala kamati isimpe kazi shemeji wa mwenyekiti: majina ya waombaji yabandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, wazazi wayasome, mwenye pingamizi aseme kabla mkataba haujasainiwa.