Je, Wajua? Weusi wa Shingo Usiotoka kwa Sabuni

Mama wengi wamemsugua mtoto shingo kwa dodoki mpaka akalia, na weusi usitoke. Je, wajua kwamba huenda si uchafu? Weusi mzito wenye mguso wa mahameli, nyuma ya shingo au makwapani, mara nyingi humtokea mtoto mwenye unene wa kupindukia ambaye damu yake imejaa insulini. Hii ni homoni inayotoka kwenye kongosho na kuiwezesha sukari kuingia katika seli. Mafuta yakizidi kwenye ini na misuli, insulini hufanya kazi kwa shida, basi kongosho huimwaga zaidi na zaidi, na ziada hiyo huchochea ngozi kuwa nene na kuiva weusi. Mtoto huyo asichekwe wala asikemewe. Apelekwe kupimwa sukari na shinikizo la damu.

Balehe nayo huongeza mzigo. Katika umri huo nguvu ya insulini hushuka kwa karibu theluthi moja, hata kwa mtoto mwembamba, kisha hurudi ujana ukikomaa. Aliyeingia balehe akiwa tayari mnene sana ndiye anayeweza kushindwa kuvuka salama, akapata kisukari cha aina ya pili. Kisukari hiki zamani kiliitwa cha watu wazima, lakini mwaka 1996 madaktari wa Cincinnati, Marekani, waliripoti kuwa wagonjwa wapya wa rika la kubalehe waliongezeka mara kumi kati ya 1982 na 1994. Na kikimpata kijana, kina haraka ya kutisha: utafiti mmoja wa Marekani uliwafuatilia vijana waliougua utotoni, na walipofika wastani wa miaka 26, asilimia 60 walikuwa na madhara kwenye figo, macho au neva.

Tena unene wa utotoni hauishii utotoni: idadi ya seli za mafuta mwilini hupangwa utotoni na ujanani. Watafiti wa Sweden walieleza hilo mwaka 2008, katika utafiti uliopima pia, ndani ya seli hizo, kaboni iliyosambaa hewani kutokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia. Mtu mzima akikonda, seli husinyaa tu. Idadi yake haipungui.

Ini la mtoto nalo hujaa mafuta bila kuuma, hata asipoonja pombe. Lakini linaweza kupata nafuu upesi. Huko California, watoto 43 wanene walipunguziwa sukari ya kuongezwa kwa siku 9 tu. Hawakunyimwa chakula: nafasi ya sukari ilijazwa na vyakula vya wanga, hata krispi za viazi, na aliyeanza kupungua uzito aliongezewa sahani. Hata hivyo mafuta ya ini yalishuka, insulini ikashuka, na mafuta ya damu pia.