Kuvu Zinazofyatua Spora

Mabua ya ngano au mahindi yaliyosahaulika shambani baada ya mavuno huota vipele vidogo vyeusi vyenye rangi ya samawati kwa mbali. Wengi wetu huvipita. Ukikipasua kimoja chini ya hadubini unakuta umbo la chupa lenye tundu juu, na ndani yake vifuko vyembamba vimebanana, kila kimoja na spora 8. Hiki ndicho kiungo cha uzazi cha kuvu ya Fusarium graminearum.

Nane hizo zina hesabu yake. Ndani ya kifuko viini viwili huungana, kisha hugawanyika hadi vinne, na kila kimoja hujigawa tena mara moja. Hamira ya mikate, ambayo ni ya kundi hilihili la kuvu zinazobeba spora ndani ya vifuko, huishia kwenye nne.

Kifuko kikikomaa, chumvi za potasiamu hujilimbikiza ndani na kuvuta maji. Shinikizo hupanda hadi kama mara saba ya upepo wa tairi la gari dogo. Kifuko hurefuka hadi kwenye tundu, ncha hupasuka, spora hizo! Mwaka 2005 watafiti wa Marekani walikadiria kasi yake kuwa mita 34.5 kwa sekunde, na mchapuko mara 870,000 ya ule wa mvutano wa dunia. Na baada ya vishindo vyote hivyo, spora husimama milimita chache tu mbele, maana kitu chepesi kiasi hicho hewa hukimaliza nguvu papo hapo. Lakini zinatosha. Hewa inayogusana na bua haitembei. Spora ikishaivuka, upepo huichukua hadi kwenye masuke yaliyochanua.

Sclerotinia sclerotiorum, inayoozesha maharage, imepata ujanja mwingine. Vifuko vyake viko wazi juu ya vikombe vidogo vya hudhurungi, na maelfu hufyatuka kwa pamoja. Ukifunua ghafla chombo chenye vikombe vilivyokomaa, utaona kwa macho kijiwingu cheupe kikiruka. Spora za mbele hupunguzwa kasi lakini husukuma hewa, na za nyuma hupanda upepo huo, zikavuka sentimita 10. Spora moja pekee ingeishia milimita tatu hivi.

Trufo za Ulaya, ambazo nazo ni kuvu za kundi hilo, zimeacha kufyatua kabisa. Zinakomaa ardhini, vifuko vimefungiwa ndani, na hutegemea harufu kumwita mnyama azifukue, azile, akaziangushe kwingine pamoja na kinyesi.