Gololi Zilizojificha Tumboni mwa Porsche

Anayenunua Toyota ya zamani yenye mkanda wa taimingi huelezwa mapema kwamba mkanda ule una siku zake. Ukikaribia kilomita 100,000, ubadilishe. Ukizembea ukakukatikia njiani, usimlaumu fundi. Ni kipande cha mpira, kinachakaa, na katika injini nyingi kikikatika pistoni na vali hugongana. Ajabu ni kwamba hakuna anayekosa usingizi kwa ajili yake. Tarehe yake inajulikana, bei yake inajulikana, na fundi yeyote wa Gerezani au Grogan anakifikia kwa spana alizonazo. Sasa tazama kipande kingine, beringi moja ndogo ya gololi iliyomo ndani ya injini za Porsche Boxster na 911 zilizotengenezwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990. Katika magari mengi haijawahi kufa. Hata hivyo kwa zaidi ya miaka ishirini wenye magari hayo wamekuwa wakiiogopa kuliko walivyowahi kuuogopa mkanda wowote wa mpira. Wengi huwacheka, na kicheko chao huanza na asilimia. Nadhani wanaocheka wanajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza. Hofu hii imezaliwa na namna beringi ilivyofichwa, na kwa sababu hiyo hesabu ya ngapi zimekufa, hata ikiwa sahihi kabisa, haiwezi kuiondoa.

Injini yenyewe inaitwa M96. Ilianza katika Boxster mwishoni mwa 1996, kisha ikaingia katika 911 ya kizazi cha 996, ambayo ndiyo 911 ya kwanza kupozwa kwa maji. Chini ya krenkishafti kuna shafti ya kati. Krenki huizungusha kwa cheni, nayo hupeleka mzunguko huo kwa cheni nyingine hadi kwenye kemshafti za pande zote mbili, ili vali zifunguke na kufunga kwa wakati wake. Ncha ya mbele ya shafti hii huendesha pampu ya oili, na inazunguka ndani ya tundu laini lisilo na gololi, likilainishwa na oili ya injini. Ncha ya nyuma, upande wa giaboksi, hukaa juu ya beringi ya gololi iliyozibwa kwa sili na kutiwa grisi yake kiwandani. Ukubwa wake ni ule unaoukuta kwenye mota za umeme na mashine za kufulia. Kwenye mashine ya kufulia inafaa sana. Hapa imewekwa mahali panaporushiwa oili ya moto mchana kutwa, na shafti inayoibeba ni bomba tupu: hewa iliyomo hupanuka injini ikipata moto na kusinyaa ikipoa, na kila inaposinyaa huvuta oili kidogo kupenya kwenye sili. Oili huosha grisi, kisha yenyewe haipati pa kutokea, ikabaki mle ikizeeka. Ndivyo wanavyoeleza mafundi waliozifungua injini hizi. Gololi zikishakuwa kavu hukwaruzana na kumomonyoka, shafti huanza kuyumba, cheni hupoteza mpangilio, na kinachofuata ni kile kile cha mkanda uliokatika: pistoni inakutana na vali. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyekuambia kilomita.

Jambo linalouma zaidi ni kwamba jibu lilikuwemo nyumbani. 911 za zamani zilizopozwa kwa hewa, zile ambazo mojawapo ilimfikisha Vic Preston Jr. nafasi ya pili katika Safari Rally ya 1978, nazo zilikuwa na shafti ya kati. Shafti hiyo ilizunguka kwenye beringi zisizo na gololi, zilizosukumiwa oili kwa shinikizo la pampu. Hata wakati M96 inauzwa, 911 Turbo na GT3 za kizazi hicho hicho cha 996 zilibaki na injini ya ukoo wa zamani, na tatizo hili hazilijui. Kwa nini basi gari la bei nafuu zaidi likapewa gololi? Ukumbuke hali ya kampuni miaka ile. Katikati ya miaka ya 1980 ilikuwa ikiuza zaidi ya magari 50,000 kwa mwaka. Kufikia 1993 mauzo yalikuwa yameporomoka hadi kama robo ya hapo. Wendelin Wiedeking alipokabidhiwa usukani, alileta washauri wa Kijapani waliokulia katika mbinu za Toyota, wakakata gharama kila kona. Boxster na 996 zikagawana sehemu kubwa ya mbele, milango pamoja na zile taa zilizodhihakiwa kuwa mayai ya kukaanga. Beringi iliyofungwa inayokuja na grisi yake haihitaji kutobolewa njia ya oili ndani ya jiwe la injini. Sisemi kwamba kuna mhasibu aliyekaa na kuchagua kuua injini za watu. Ninachosema ni kwamba kampuni iliyokuwa ukingoni mwa kufilisika ilipata kilicho rahisi kutengeneza, na hesabu ya mwisho ikamwangukia mtu asiyekuwepo mezani, yaani mnunuzi wa tatu au wa nne wa gari lile.

Hesabu hiyo ilifika mahakamani. Nchini Marekani, wamiliki walifungua kesi ya pamoja dhidi ya tawi la Porsche la Amerika Kaskazini katika mahakama ya shirikisho huko California, na mwaka 2013 pande mbili zikafikia makubaliano ya fidia bila kampuni kukiri kosa. Kesi iligusa magari yaliyotengenezwa kati ya Mei 2001 na Februari 2005, kipindi cha beringi ya safu moja ya gololi. Kiwango cha kufa kilichotajwa humo kwa magari hayo kilikuwa kati ya asilimia 4 na 8. Kwa yale yenye beringi za miundo mingine, ikiwemo ile ya mwanzo ya safu mbili, kilikuwa chini ya asilimia 1. Wanaocheka huzichukua namba hizi kama ushahidi wao: hata katika kundi baya kabisa, zaidi ya magari 90 katika kila 100 hayakupatwa na kitu, sasa kelele za nini? Kwa anayeuza magari kwa maelfu, hoja hiyo ni nzito. Asilimia 8 ni gharama inayoweza kutengewa fungu, ikachanganywa na faida, ikamezwa. Lakini mwenye gari hana magari 100. Analo moja. Kwake hakuna injini iliyokufa kwa asilimia 8. Kuna inayowaka asubuhi na kuna isiyowaka, na injini mbadala ilikuwa ikigharimu zaidi ya dola 10,000. Tena magari haya yameshuka bei sana, kwa sehemu kwa sababu ya beringi hii hii, kiasi kwamba anayeyanunua leo mara nyingi ni yule asiye na uwezo wa kununua injini ya pili. Punguzo alilofurahia siku ya kununua ni malipo ya hatari aliyokubali kuibeba peke yake.

Kuna pingamizi la haki zaidi, nalo linasema kwamba wasiopatwa na jambo hawasimulii. Aliyepoteza injini atapaza sauti mwaka mzima, na mwenzake ambaye gari lake limemaliza kilomita 250,000 bila hata kukohoa hana habari ya kumpa mtu. Ni kweli, na picha tuliyonayo bila shaka imetiwa chumvi na ukimya huo. Aidha, hofu iliyopata jina huzifunika hofu zisizo na jina. Familia hii ya injini ina maradhi mengine, yakiwemo vichwa vya silinda vinavyopasuka na mikwaruzo kwenye kuta za silinda, ambayo ilizisumbua zaidi injini za miaka ya baadaye. Mnunuzi anayeuliza swali moja tu, kama beringi imebadilishwa, akaambiwa ndiyo na kulipa, anaweza kuondoka na gari ambalo silinda zake zimekwisha. Hata hivyo, pingamizi hili linaniunga mkono bila kutaka. Kelele hujaa pale penye pengo la taarifa. Kama kitabu cha gari kingesema beringi ikaguliwe klachi inapobadilishwa, mazungumzo yote haya yangekwisha kwenye gereji. Kitabu kilinyamaza, na kwa mujibu wa ratiba ya huduma ni kana kwamba beringi haipo.

Pingamizi linalonipa kazi zaidi linatoka Munich. Ikiwa dawa ni beringi isiyo na gololi yenye oili ya shinikizo, mbona BMW M3 nazo zinaliliwa? Beringi za konrodi katika karibu injini zote za magari ni za namna hiyo: vikombe vyembamba vya metali laini, na krenki ikielea ndani yake juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. M3 ya kizazi cha E46, yenye silinda sita, ilipata matatizo ya beringi za konrodi katika magari ya mwanzo ya 2001 hadi 2003, na BMW ikayaita magari na kubadilisha beringi bila malipo. Kizazi kilichofuata, chenye silinda nane za V na nguvu yake ya juu kwenye mizunguko 8,300 kwa dakika, kikazua ubishi mpya: wapo wanaosema nafasi ya oili iliachwa finyu mno, wapo wanaoilaumu oili nzito ya 10W-60 kwa injini ambayo haijapata moto, na wapo wanaolaumu madereva wanaokanyaga mafuta gari likiwa bado la baridi. Sina haja ya kuamua ubishi huo. Tazama walichofanya wenye magari. Beringi za konrodi hufikiwa kwa chini, kwa kushusha fremu ya mbele na kufungua karai la oili, huku injini ikibaki mahali pake. Wengi wao wameamua tu kuzihesabu kama breki au plagi, vitu vya kubadilishwa vikifikisha umri, na wanapozitoa wanazitazama na kujua zilikuwa zimefika wapi. Kinachochakaa kimepata ratiba. Beringi ya BMW inakufa pia, pengine si mara chache kuliko ya Porsche, lakini mwenyewe ana mlango wa kuingilia. Kwa hiyo sidai kwamba gololi ni dhambi. Nadai kwamba kitu kinachoweza kuua injini kisijengewe ukuta.

Wafanyabiashara wa hofu nao wapo. Mara baada ya tatizo kujulikana, zilitokea beringi mbadala za kila namna, nyingine zenye gololi za kauri, na nyingine zinazoondoa gololi kabisa na kuleta oili ya shinikizo kwa mrija kutoka nje, yaani kurudi kule kule ilikokuwa 911 ya kale. Kila muuzaji ana sababu ya kutia petroli kwenye moto wa wasiwasi. Lakini maslahi ya muuzaji hayageuzi ukweli kuwa uongo. Swali la kujiuliza ni dogo: kazi hii inahitaji kushusha nini? Giaboksi, klachi na flaiwili. Basi anayebadilisha klachi ameshalipa sehemu kubwa ya gharama, na kuiacha beringi ya zamani pale ni ubahili ambao siwezi kuutetea. Anayeshusha giaboksi kwa ajili ya beringi pekee, kwenye gari la mwaka 1998 lenye safu mbili na klachi nzima, analipia utulivu wa moyo. Ni haki yake, ila ajue anachonunua.

Wale ambao klachi yao bado ni nzima wana kipimo kingine, cha bei ya kumwaga oili. Beringi inayoanza kumomonyoka mara nyingi huacha chembechembe kabla ya kufa. Filta ya oili ikikatwa na karatasi yake kukunjuliwa juu ya meza safi, chembe za chuma zinazovutwa na sumaku zinaonekana kwa macho. Kwa sababu hiyo ratiba ya kampuni ya kumwaga oili, iliyofika hadi maili 15,000, ni ndefu mno kwa injini hii. Oili ya siku nyingi hubeba asidi na maji, na filta inayofunguliwa mara moja kwa miaka miwili haimwonyi mtu. Hapa ndipo wanaolitunza gari kama yai wanapojidhuru. Linalotolewa Jumapili moja kwa mwezi, likazungushwa mtaa mmoja na kurudishwa ndani, halipati moto wa kutosha kuikausha oili. Mafundi wa magari haya wamekuwa wakisema kwa muda mrefu kwamba linaloendeshwa kila siku na kufunguliwa mbio barabara kuu lina afya kuliko linalofunikwa kitambaa. Ni maneno ya uzoefu, na kipimo chake ni kigumu, lakini yanaoana na namna beringi hii inavyokufa.

Kuanzia mwaka wa modeli 2009, Porsche iliondoa shafti ya kati kabisa katika injini mpya za 911 na Boxster. Kabla ya hapo, katika magari ya 2006 hadi 2008, iliweka beringi kubwa zaidi, imara zaidi, ambayo visa vyake ni vichache. Kubwa kiasi kwamba haipiti kwenye tundu la jiwe la injini: anayetaka kuibadilisha lazima aipasue injini nzima. Mafundi wanaoijua wamepata njia ya kuzunguka. Klachi ikishatoka na kifuniko kidogo kikafunguliwa, uso wa beringi unaonekana, na sili yake ya nje hubanduliwa kwa ncha ya chombo chembamba, ikatupwa. Kuanzia hapo grisi ya kiwandani haina kazi tena, na oili ya injini, ile iliyokusudiwa kuzuiwa, inaingia na kutoka kati ya gololi.