Mita Moja, Familia Nne

Ukipita Kiseke magharibi inapoingia, utaona taa zikiwashwa nyumba hadi nyumba. Katika nyumba za kupanga, kila familia ina chumba chake, lakini mara nyingi mita ya LUKU ni moja tu ukutani. Hapo ndipo ugomvi unapoanza: nani kaumaliza umeme?

Kabla ya kumlaumu jirani mwenye pasi, tuitazame bei yenyewe. Januari 2014 uniti moja ya mteja wa kawaida ilipanda kutoka shilingi 221 hadi 306. Ukame wa miaka iliyotangulia ulikuwa umepunguza maji ya mabwawa, na TANESCO ikategemea mitambo ya mafuta yenye gharama kubwa. Mwaka 2015 bei ilishuka hadi 298, na Aprili 2016 EWURA ikaiweka 292. Lakini mteja mdogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alipangiwa shilingi 100 tu kwa uniti. Kodi na tozo huongezwa juu yake.

Sasa tufanye hesabu kwa bei hizo za 2016. Tuseme familia nne zinatumia uniti 40 kila moja. Kila moja ingekuwa na mita yake, ingelipa shilingi 4,000. Lakini mita ya pamoja huhesabu uniti 160, wala haijui kuwa ndani mna vyungu vinne. Nyumba hiyo ikihesabiwa kuwa ya mteja wa kawaida, itadaiwa shilingi 46,720, na kila familia itatoa 11,680. Unafuu uliokusudiwa mnyonge umempita mlangoni.

Tufanyeje basi? Mwenye nyumba na wapangaji na waketi pamoja, wachange, waombe mita kwa kila familia. Wakati wakingoja, kila mmoja ajue matumizi yake. Pasi ya wati 1,000 ikifanya kazi saa nzima hula uniti moja. Taa ya wati 60, ikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 9 kwa mwezi. Ya wati 9 haifikishi uniti moja na nusu.

Tena, kabla ya kubadili bei, EWURA hukusanya maoni ya wananchi. Mama mwenye daftari la hesabu za nyumbani asikose kwenda huko: mvaa kiatu ndiye ajuaye kinapombana.