Piano Katika Sinema

Mtu wa Machame akionyeshwa sinema ya mpiga piano, huenda akauliza: "Mbona hakuna achezaye? Mbona wamekaa kimya kama wasikilizao shauri barazani?" Swali hilo si la kuchekwa. Kwetu muziki hutaka miguu na sauti za wengi. Wale hushiriki kwa kunyamaza.

Tuitazame sinema moja, Listen to Britain, iliyotengenezwa mwaka 1942 na Humphrey Jennings na Stewart McAllister. Ndani yake yumo Bibi Myra Hess, akipiga piano katika National Gallery, jumba kubwa la picha mjini London. Picha zenyewe zilikuwa zimehamishwa kwa hofu ya mabomu. Basi tangu Oktoba 1939 hata Aprili 1946 watu waliingia humo saa za chakula cha mchana, kwa shilingi moja, wakasikiliza muziki. Maonyesho yalitimia 1,698.

Na ajabu ni hii: Waingereza walikuwa wakipigana na Wajerumani, lakini humo walisikiliza kazi za Bach na Beethoven, Wajerumani wote wawili! Katika sinema, Bibi Hess apiga kazi ya Mozart, mtu wa Austria, pamoja na wanamuziki wa jeshi la anga waliovaa sare zao.

Santuri hutupa sauti tu. Sinema yatuonyesha na vidole. Piano ina vipande 88 vya kubonyezwa, vyeupe na vyeusi. Kila kimoja hurusha nyundo ndogo iliyovikwa sufu, nayo hupiga nyuzi za chuma zilizomo ndani. Kidole kikigusa taratibu, sauti huwa laini. Kikishuka kwa nguvu, huvuma.

Tena watu wa mlimani si wageni kabisa wa muziki huu. Wamisheni wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, wakaleta nyimbo za Kilutheri. Bach alifanya kazi katika mji huo huo wa Leipzig, tangu 1723 hata kufa kwake mwaka 1750, na kazi zake nyingi amezijenga juu ya nyimbo za namna hiyo. Moja ya hizo Bibi Hess aliigeuza iwe ya piano, akasifiwa sana kwayo. Mzee wa kwaya akiisikia aweza kusema, "Njia hii naijua."

Kubadilishana, lakini, hutaka pande mbili. Sisi tungependa kuwaona watu wa London nao wameketi mbele ya sinema ya ngoma ya Wachagga, wakiulizana mbona hakuna aliyenyamaza.