Matakia ya Usiku wa Manane
Sogeeni karibu, wanangu, niwasimulie habari za ukumbi uliokuwa ukimeza maneno ya watu.

Mwaka 1895, Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara. Kuutazama, ulipendeza. Lakini mwalimu akitamka neno, lilivuma humo kwa sekunde tano na nusu hivi. La kwanza halijazimika, la pili na la tatu yameshalifuata, na wanafunzi wakaambulia kelele tupu. Kijana mmoja mwalimu wa fizikia, Wallace Sabine, akaombwa atafute dawa.

Sanders Theatre, ukumbi mwingine wa chuo hicho, ulisikika vizuri, na viti vyake vilikuwa na matakia. Basi usiku wa manane, mji ulipotulia, Sabine na wasaidizi wake wakayabeba matakia yale hadi ule ukumbi mbovu. Akaliza bomba la kinanda, akalinyamazisha ghafla, akatega sikio huku akipima muda, mpaka sauti ikatoweka kabisa. Wakaongeza matakia, akaliza tena. Kadiri yalivyozidi, ndivyo mvumo ulivyofupika. Kabla ya asubuhi yalirudishwa yote, watu wayakalie.

Kumbe hata nguo za Sabine zilikuwa zikinywa sauti! Alipolitambua hilo alitupa vipimo tele, akaanza upya, na tangu hapo kila akipima alivaa nguo zilezile. Mimi humpenda mtu huyo kwa hilo kuliko kwa sifa zake zote.

Siri ya matakia ni hii: ukuta mgumu huirudisha sauti karibu yote. Takia lina vinjia vidogo vya hewa. Sauti ikiingia humo husuguana navyo, ikageuka joto dogo sana. Jaribuni leo: pigeni kofi moja bafuni penye vigae, kisha moja chumbani penye godoro na mapazia. Halafu sikilizeni darasa likiwa tupu, na likiwa limejaa wenzenu.

Kufikia 1898 Sabine alikuwa amepata kanuni: ukubwa wa chumba hurefusha mvumo, vitu vinavyonywa sauti huufupisha. Kwa hesabu hiyo akashauri ujenzi wa ukumbi wa muziki wa Symphony Hall, Boston, kabla haujakamilika. Ulifunguliwa 1900. Watu wakijaa, mvumo wake hukaribia sekunde mbili: hotuba ingependa pungufu, lakini fidla zinapenda sauti ikawie kidogo, noti moja iishike nyingine. Mpaka leo wanamuziki wanausifu.